Kompyuta zipo, watoto hawazigusi

Katika shule nyingi za umma, chumba cha kompyuta ndicho kinachotunzwa kuliko vyote na ndicho kinachotumika kidogo kuliko vyote. Madirisha yana nondo, mlango wa mbao umeongezewa geti la chuma, mashine zimefunikwa vitambaa safi, na ufunguo anao mkuu wa shule mwenyewe. Mgeni akija anafunguliwa. Mwanafunzi anasubiri kipindi, na kipindi mara nyingi hakifiki: mkuu ameitwa halmashauri, au umeme umekatika, au mwalimu wa TEHAMA, ambaye ndiye huyo huyo mwalimu wa Fizikia, yuko Kidato cha Nne anamalizia mada kabla ya mtihani.

Simlaumu mkuu wa shule kwa kufunga. Kompyuta huibwa. Mkuu aliyeibiwa mashine 20 atajieleza polisi, atajieleza kwa mkurugenzi, na huenda akaambiwa alipe. Mkuu mwenzake ambaye mashine zake hazikuguswa na mtoto mwaka mzima haulizwi na mtu, na siku ya ukaguzi zitahesabiwa, zitaonekana zote zipo, naye atapongezwa. Tumeweka utaratibu unaomtisha anayepoteza mashine na kumwacha kwa amani anayewanyima watoto. Katika mazingira hayo, binadamu yeyote mwenye akili timamu atafunga mlango.

Mjadala kama vyumba hivi vinawasaidia watoto au vinawapotezea muda umekuwa mrefu, na mimi nina msimamo. Kwa namna tunavyoviendesha leo, vingi havisaidii, na vingine vinadhuru, kwa sababu vimekula fedha na saa za walimu ambazo zingeweza kumfundisha mtoto kusoma. Hata hivyo vinaweza kusaidia, na ushahidi upo, mwingine umetoka hapa hapa Tanzania, mkoani Tanga. Tatizo ni kwamba tunahesabu kitu kisichofaa. Taarifa za shule, za wafadhili na za halmashauri hutaja idadi ya kompyuta. Ningependa zitaje dakika ambazo mtoto mmoja anakaa kwenye kibodi kwa wiki, na kazi anayoifanya katika dakika hizo.

Tuchukue darasa la wanafunzi 60, kompyuta 20 zinazowaka, na kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Hiyo ni shule yenye neema. Watoto watatu kwa mashine moja. Kutoka darasani, kupanga mstari, kuvua viatu mlangoni, kuwasha mashine zote na kuzisubiri ziamke, dakika kumi zimekwenda. Zinabaki 30, ukigawa kwa watatu ni kumi kila mmoja. Dakika kumi kwa wiki, tena ikiwa wanapokezana kwa haki. Nao hawapokezani. Anayeketi katikati ndiye anayeshika mausi, na mara nyingi ni mvulana, au ni yule ambaye nyumbani kwao kuna kompyuta na hivyo hakuhitaji sana dakika hizo.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la namna hiyo na kumtazama binti mmoja wa Kidato cha Pili kipindi kizima. Alikuwa pembeni ya mashine, daftari limelazwa mapajani, kalamu mbili mkononi, ya bluu na nyekundu. Kila kilichotokea kwenye skrini alikinakili: jina la menyu kwa nyekundu, kazi yake kwa bluu, vishale vikionyesha wapi pa kubofya. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu ubaoni. Hakugusa kibodi hata mara moja, wala hakuonekana kutarajia kuigusa. Kengele ilipolia alifunga daftari, akavaa viatu, akaondoka na notisi kamili za kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Na huyo ana afadhali. Kuna shule ambazo somo lenyewe ni nadharia tupu: sehemu za kompyuta, vizazi vya kompyuta, aina za kumbukumbu, na maana ya kompyuta kwa Kiingereza, ambayo mwanafunzi anaweza kukutamkia bila kukosea herufi. Anachora skrini kwa rula. Mtihani unakuja, anaandika alichokariri, anafaulu.

Gharama ya ufaulu huo inaonekana miezi michache baadaye, kwenye steshenari ya mtaani. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne anatakiwa kubadilisha machaguo yake ya shule na vyuo kwenye Selform. Aliyemaliza cha Sita anaomba mkopo Bodi ya Mikopo, na maombi ni ya mtandaoni. Aliyehitimu chuo anatafuta kazi kwenye Ajira Portal. Wote wanapanga foleni kwenye kiti cha plastiki, wanamtajia kijana wa steshenari namba ya NIDA, jina la mama, na namba ya mtihani, naye anawajazia kwa malipo. Nenosiri analitunga yeye, analijua yeye. Akikosea tarakimu moja, mwenye fomu hajui, maana hata kuikagua hawezi. Vijana wetu wamesoma TEHAMA kwa miaka minne na bado wanamlipa mtu awaandikie majina yao.

Kwa hiyo wanaosema kompyuta ziondolewe shuleni kabisa, turudi kwenye vitabu, sikubaliani nao. Wanapenda kuitaja Sweden, ambayo mwaka 2023 serikali yake ilitangaza kurudisha nguvu kwenye vitabu vya karatasi na mwandiko wa mkono, hasa kwa watoto wadogo. Uamuzi ule ni wa busara kwao. Lakini mtoto wa Sweden anaporudi kwenye kitabu, kitabu kipo, na kompyuta aliyoiacha shuleni ataikuta nyumbani. Kwetu simu zimepigwa marufuku kwa wanafunzi shuleni, na katika nyumba nyingi hakuna kompyuta. Chumba kile chenye nondo ndiyo nafasi pekee ambayo mtoto wa mkulima au wa mama lishe anaweza kukutana na mashine kabla ya kuikuta kazini. Ukikifuta, mtoto wa mwenye uwezo hapotezi kitu.

Mwaka 2015 Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi, OECD, lilitoa ripoti iliyowashtua wengi. Nchi zilizomwaga fedha nyingi kwenye kompyuta za shule hazikuonyesha maendeleo ya maana katika kusoma, Hisabati wala Sayansi. Ndani ya ripoti hiyo hiyo kuna jambo ambalo halitajwi sana: wanafunzi wanaotumia kompyuta kwa kiasi shuleni hufanya vizuri kidogo kuliko wasiozitumia karibu kabisa, na wanaozitumia kupita kiasi ndio wanaoporomoka. Hofu ya kupita kiasi ni ya wenzetu. Sisi tuko upande wa pili kabisa wa mstari huo.

Majirani zetu Kenya walijifunza kwa bei kubwa. Katika kampeni za 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilianza kufika 2016, vikiwa tableti, zilizoletwa kwa ubia wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Jomo Kenyatta pamoja na kampuni za nje, na zaidi ya milioni moja ziligawiwa. Nyingi zilibaki kabatini kwa sababu zile zile tunazozijua: hofu ya wizi, walimu wasiojiamini, masomo yasiyoendana na ratiba. Baadaye serikali ikaanza kuzungumzia maabara za pamoja badala ya kifaa kwa kila mtoto. Ninachokisifu katika mradi ule ni kitu ambacho hakikuwa kiini cha ahadi. Ili tableti zichajiwe, shule za msingi zaidi ya 20,000 ziliunganishwa na umeme katika miaka michache. Tableti inaweza kulala kabatini, lakini taa ikishafungwa darasani inawamulikia wanaodurusu alfajiri.

Peru iliitangulia Kenya. Iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto, nyingi zikienda vijijini. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walizifuatilia shule 319 za vijijini, na matokeo waliyoyatoa 2012 yalikuwa mazito. Baada ya takriban miezi 15, watoto walikuwa wamezizoea mashine na walipanda kidogo katika vipimo vya jumla vya kufikiri. Katika Hisabati na lugha hapakuwa na tofauti na shule ambazo hazikupata kitu. Kompyuta zilifika, lakini ufundishaji ulibaki ule ule. Mtoto ambaye hakuelewa kugawanya kabla ya kompyuta hakuelewa baada yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wala programu iliyomuuliza amekwama wapi.

Hapo ndipo Tanga inapoingia, na nashangaa kwa nini habari ya Tanga haizungumzwi zaidi nyumbani kuliko ughaibuni. Kati ya 2017 na 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE lilipeleka tableti kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Watengenezaji watano waliofika fainali waliandaa programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila kutegemea mwalimu. Vijiji viliwekewa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, vikisimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Watoto hawa hawakuwa wanafunzi wa kawaida. Asilimia 74 hawakuwahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu zote tano zikawekwa wazi ili mtu yeyote azitumie bure.

Nusu waliobaki wasiweze hata neno moja hatupaswi kuwasahau. Miezi 15 ya tableti peke yake haikuwatosha, na hakuna programu itakayokaa badala ya mwalimu. Lakini angalia kilichowasaidia wale wengine. Kila mtoto alikuwa na kifaa mkononi, hapakuwa na wa kukaa katikati. Lugha ilikuwa yake. Programu ilianza na alichokijua na haikusonga mbele mpaka ameweza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana katika chumba cha kompyuta cha shule zetu, ambako watatu wanagombea mausi, maelekezo ni ya Kiingereza, na darasa zima linakwenda mwendo mmoja kwa sababu kengele italia.

Delhi walithibitisha jambo hilo hilo kwa watoto wakubwa zaidi. Wanafunzi wa darasa la sita hadi la tisa walikwenda vituo vya baada ya masomo kutumia programu iitwayo Mindspark, ambayo humpima kila mtoto na kumpa maswali ya kiwango alichopo, hata kama yuko nyuma ya darasa lake kwa miaka kadhaa. Kipindi kilikuwa cha dakika 90, nusu kwenye kompyuta na nusu na msaidizi katika kikundi kidogo. Ndani ya miezi minne na nusu walipanda sana katika Hisabati na Kihindi kuliko wenzao ambao hawakwenda. Ile nusu ya pili, ya kukaa na mtu, naipa uzito sawa na ya kwanza.

Mfano unaonigusa zaidi kwa nchi isiyo na fedha za kuchezea ni wa Kisumu, Kenya. Mwaka 2013 na 2014, chini ya mradi wa kusoma wa PRIMR, shule ziligawanywa. Zote ziliingia kwenye mpango mmoja wa kufundisha kusoma, wenye vitabu na miongozo ya walimu. Tofauti ilikuwa nani anapewa kifaa: kundi moja wanafunzi, jingine walimu, la tatu wale washauri wa elimu wanaozunguka shuleni kuwatazama walimu wakifundisha. Makundi yote matatu yalizipita shule zilizokuwa nje ya mpango. Yenyewe kwa yenyewe hayakutofautiana kwa maana. Kilicholeta kusoma kilikuwa vitabu, miongozo na mtu wa kumsaidia mwalimu, na gharama nafuu kuliko zote ilikuwa tableti moja kwa mshauri anayehudumia shule nyingi. Kenya ilichukua njia hiyo iliposambaza mpango wa Tusome nchi nzima.

Tanzania tulipata nafasi kama hiyo bila kuipanga. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake. Mwalimu mwenye kishikwambi anaweza kuwa na kila kitabu cha somo lake mkononi, hata kama shule ina nakala mbili kabatini. Ningependa Maofisa Elimu Kata wanapoingia darasani waulize juu ya hilo kabla ya kuuliza juu ya andalio la somo.

Kuna gharama ambazo siku ya kukabidhi mashine hazisemwi. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake ya zamani yaweza kula wati 150. Ishirini zikiwaka saa tano kwa siku ni uniti 15, na kwa mwezi wa siku 20 za masomo ni uniti 300 za LUKU. Zidisha mwenyewe. Kisha linganisha na ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa mwaka mzima ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari, na humo humo kuna vitabu, chaki na mitihani. Mkuu wa shule anayesema hawezi kuwasha chumba kile kila siku hasemi uongo. Kompyuta mpakato hula sehemu ndogo tu ya umeme huo, na zinaendelea hata umeme ukikatika katikati ya kipindi. Mfadhili anayeleta mashine kuukuu za mezani bila kuleta hata senti ya LUKU ameipa shule deni. Tena Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata. Bila kuwekewa mfumo mwepesi wa bure kama Lubuntu, ni mapambo yanayovutia virusi vya flashi.

Hata intaneti siyo lazima kama tunavyodhani. Seva ndogo inayobebeka mkononi inaweza kuhifadhi Wikipedia nzima ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, vitabu vya kiada, mitihani iliyopita na masomo ya video, na kompyuta zote chumbani zikasoma humo bila bando. Mtoto anapata cha kutafuta, na hapotelei kwenye video za muziki, jambo ambalo wazazi wengi wanaliogopa, na wana haki ya kuliogopa.

Wadogo wasiharakishwe. Mtoto wa darasa la pili ambaye hajaweza kusoma hadithi fupi anahitaji mwalimu, kitabu kinachobaki mkononi mwake, na darasa lisilo na watoto mia. Fedha ya kwanza iende huko. Ikipatikana tableti yenye programu kama zile za Tanga, impe mazoezi baada ya mwalimu kufundisha. Somo la kompyuta kwa mtoto asiyejua kusoma ni kumwongezea kitu cha kukariri.

Kwa sekondari, mlango ufunguliwe baada ya saa za masomo na Jumamosi, wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliopewa mafunzo wasimamie kwa zamu, na jozi ibadilishane kiti katikati ya muda bila kusubiri hisani ya mshika mausi. Kila mwanafunzi kabla hajamaliza apimwe kwa vitendo, akiwa peke yake mbele ya mashine: aandike barua rasmi, atengeneze jedwali linalojumlisha lenyewe, atafute taarifa na kusema ameitoa wapi, ajaze fomu ya mtandaoni na kulinda nenosiri lake. Mashine ikiharibika kwa kutumiwa, iandikwe kuwa imechakaa kazini, na mkuu wa shule asiitwe kujieleza. Waraka mmoja wa Wizara au wa TAMISEMI unatosha kumwondolea hofu hiyo.

Wazazi wenzangu, katika kikao kijacho cha shule, kabla hamjachangishwa kwa ajili ya kompyuta nyingine, ombeni daftari la matumizi ya zilizopo. Liwe na jina la mtoto, saa aliyoingia, saa aliyotoka na kazi aliyoifanya. Tafuteni jina la mwanao humo. Kama daftari halipo, au lipo na jina la mwanao halimo, kataeni mchango huo mpaka lionekane.